Deputi Asiyetaka Nakala

Ukifika kwa Deputi Jumamosi alasiri, kabla hujaambiwa keti, unaambiwa utoe vitu mfukoni. Mimi ni mtu mzima. Nina duka la dawa mjini Embu, nina wafanyakazi wawili wanaoniita madam, na nina mama ninayemtunza nyumbani kwangu. Bado nilikuwa nikisimama mlangoni kwa huyu mzee, hapo kwake mtaa wa Majimbo, nikipindua mifuko ya sweta ili aone kama nimebeba flashi. Akiridhika anasema "Pita," bila hata kunitazama usoni, vile vile alivyokuwa akitufanyia zamani mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika sekondari niliyosoma, huko juu Kianjokoma. Kazi alistaafu kitambo, lakini cheo kilikataa kustaafu. Majimbo nzima humwita Deputi: wauza mboga, pasta, hata mkewe akiwa amekasirika. Pale shuleni alikuwa bwana mitihani, na duniani alichukia kitu kimoja tu, kunakili. Alijisifu kwamba anaweza kunusa mwakenya, kile kikaratasi cha majibu ambacho wanafunzi huficha kwenye soksi, akiwa bado yuko kwenye korido. Alijisifu pia kwamba hakuwahi kumkamata mtu asiye na kosa. Hilo waulize waliofukuzwa.

Sasa mtu wa aina hiyo ukimpa kompyuta, utamkoma. Binti yake alimletea moja kubwa, yenye nguvu, ili awe akiongea na wajukuu. Wajukuu wakamfundisha gemu. Ni gemu ya kulima, kufuga na kujenga, inayochezwa na watu wengi pamoja kupitia intaneti. Kila mchezaji ana mtu wake mle ndani, mhusika wake, aliyempa jina na nguo. Siku zinavyopita huyo mhusika anapata shamba, ng'ombe, nyumba, na ukitoka kwenye gemu analala hapo hapo mpaka urudi. Ulimwengu wote huo, pamoja na wahusika wa kila mtu, unahifadhiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Kwetu mtu huyo alikuwa Deputi. Ukiuliza nani alimchagua, alijichagua. Tulikuwa kama watu saba hivi, wengi wetu tukiwa wanafunzi wake wa zamani. Wajukuu wenyewe waliacha mapema. Walisema babu ameifanya gemu iwe shule, na wao shule wanayo tayari.

Hawakukosea. Jumamosi aliiita prepu, kama yale masomo ya jioni ya shuleni. Ilianza kwa maombi, ikafuata hotuba, kisha ukaguzi wa mashamba. Tulikaa kwenye makochi yake yenye vitambaa, kila mtu na kompyuta yake ya mapajani, tukiwa tumetulia kama kidato cha kwanza. Ukicheka ovyo unaulizwa ni nini kinachochekesha, utuambie wote tucheke. Karani wa kaunti, mtu mwenye tai, aliwahi kutumwa nje ya nyumba kwa sababu alikuwa anatafuna chingamu. Na akaenda! Hicho ndicho kilichokuwa kinaniudhi zaidi, kwamba tulikuwa tunaenda.

Mimi nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo ni mama.

Mama alilima Kianjokoma maisha yake yote, chai upande wa juu, migomba na nduma kule chini mtoni. Goti likaharibika. Alipofanyiwa upasuaji, daktari akamwambia asahau ile miteremko, nami nikamleta kwangu Majimbo, kwenye nyumba yenye uwanja wa saruji usioota hata pilipili. Kaka yangu Nyaga naye yuko nchi za Ghuba, ni mlinzi kwenye jengo fulani refu. Alikuwa akipiga simu, lakini simu zao zilikuwa za huzuni tupu. Goti linaendeleaje? Linaendelea. Huko joto? Joto. Kisha kimya, kila mmoja akiogopa kumwambia mwenzake vile alivyo mpweke. Mama akikata simu alikuwa na hali mbaya kuliko kabla haijaita.

Aliyeyabadilisha hayo ni Deputi mwenyewe, hilo nampa, na sidhani nitampa lingine. Alikuja kumwona mama hospitalini, akarekebisha sarufi ya nesi, akamsomea mama gazeti, halafu akamwambia kuna mahali anaweza kulima akiwa ameketi. Alimfundisha kwa majuma. Mwanamume aliyekuwa akitupigia kelele kwa sababu ya kusahau rula aliketi kando ya mama yangu, akimwonyesha kitufe kimoja kimoja, na akikosea anamwambia, "Hakuna haraka, mama." Sikuwa najua kwamba sentensi hiyo anayo.

Nyaga naye akajiunga kutoka huko aliko. Akamjengea mama nyumba yenye paa la bluu na kukata matuta kwenye mteremko. Mama akayaangalia matuta, akamwambia hayo ni ya mtu aliyelelewa na fisi, maji yote yatateremka. Nyaga akayakata upya. Kuanzia hapo hawakunyamaza. Kila Nyaga akitoka zamu anaingia shambani, sauti yake inatoka kwenye kompyuta yangu, na mama anamtuma huku na huku. Leta samadi. Funga ndama. Si hapo, hapo! Nilikuwa nikisikia mama akicheka kutoka jikoni, nikawa radhi kupinduliwa mifuko na yeyote yule.

Sasa nieleze juu ya modi. Modi ni vipande vya programu ambavyo watu wa kando, si wale waliotengeneza gemu, huandika na kuviweka kwenye intaneti bure, kuongeza kile ambacho gemu haikuwa nacho. Mwingine anaongeza aina ya ng'ombe, mwingine anaongeza mvua. Mtu mwenye akili huweka moja, anaijaribu, anatulia. Deputi aliziweka jinsi alivyokuwa akiweka sheria za shule, yaani akiamka na wazo, wazo hilo ni sheria.

Ya kwanza ilikuwa ya kengele. Ikawa kijijini kwetu, mle ndani ya gemu, kengele inalia, na ikilia wahusika wote lazima wasimame. Kisha akaweka ya sare. Mhusika wangu nilikuwa nimemvalisha kitenge chekundu kizuri sana, nikaingia siku moja nikampata amevaa sweta ya kijani kama wenzake wote. Kisha ubao. Kwenye lango la kijiji akasimamisha ubao unaoonyesha nani ni namba moja na nani anavuta mkia. Namba moja alikuwa yeye, wiki nenda wiki rudi. Kisha ya kiangazi, ambayo ilifanya mimea isiyonyunyiziwa maji ikauke kabisa. "Mlizoea kuvuna bila kunyunyiza," alisema. "Huo ni uvivu, na uvivu niliuacha Kianjokoma."

Kila modi huja na maelezo yake, na juu ya maelezo, kwa herufi kubwa, unaambiwa jambo lile lile: kabla hujaweka hii, toa nakala ya wahusika na ulimwengu wako, uiweke pembeni, maana kitu kikiharibika hakuna wa kukurudishia. Deputi alitusomea maelezo hayo kwa sauti. Alipenda sana kusoma Kiingereza mbele ya watu. Akifika pale kwa nakala, anavua miwani.

"Hii imeandikiwa watu wasiojiheshimu."

Kwa haki, hoja alikuwa nayo, nusu. Kuna wachezaji wanaotunza nakala ya mhusika wao kwa nia mbaya. Akiliwa na chui, anamrudisha yule wa jana kana kwamba chui hakuja. Au anampa rafiki mifugo yake yote, kisha anarudisha nakala ambayo bado ina mifugo ile ile, na sasa kuna mazizi mawili pale palipokuwa na moja. Huo ni wizi, sawa. Lakini Deputi alichukua hoja hiyo akaipeleka mpaka mahali isipofika. Kwake kuogopa kupoteza kitu kulikuwa sawa na kudanganya. Ukitaja nakala anakuuliza unaogopa nini kama umesoma.

"Hiyo ni mwakenya," anasema. "Mwakenya ndani ya kompyuta."

Aliyejaribu kumjibu ni Kithinji. Kithinji ni Mmeru wa Nkubu, anafundisha hesabu katika shule moja hapa mjini, mtu mpole ambaye akibishana anaanza kwa kuomba radhi.

"Samahani mwalimu," akasema, "lakini kutunza si kudanganya. Hata wewe unaweka mbegu kando."

"Nyinyi watu wa Nkubu mnapenda njia za mkato."

"Sasa hapo Nkubu imeingilia wapi?"

"Keti chini."

Kithinji akaketi. Jumamosi iliyofuata akaja na flashi ili atoe nakala kimyakimya wakati wa chai. Aliificha kwenye soksi, masikini, mahali ambapo Deputi amekuwa akipapasa tangu sisi hatujazaliwa. Alisimamishwa muhula mzima. Mtu ana mke na watoto watatu. Aliambiwa arudi na mzazi.

Tulicheka sana njiani, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno mle ndani. Mimi pia sikusema.

Msidhani alikuwa jiwe. Nyuma ya nyumba ana ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, na huyo ng'ombe anaishi maisha ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyapata kwake. Julai ikifika na yale manyunyu yetu ya baridi, Deputi humfunika kwa koti lake la suti. Anamwita mpenzi, nimesikia kwa masikio yangu. Na hukuondoka kwake bila kula: nduma, chai ya maziwa, ndizi za kuchemsha, na ukisema umeshiba anakuona una kiburi.

Pia alikuwa mwoga. Aliyetetemesha shule nzima aliogopa chui wa kwenye gemu kwa namna ya kutia aibu. Chui akitokea kijijini, Deputi alirudisha kiti nyuma na kupaza sauti, "Mama, kuja! Kuja haraka!" Na mama yangu, na goti lake, na vile vitufe vyake vichache anavyovijua, anaenda na jembe na kumaliza kazi. Dakika chache baadaye unaona kwenye ubao Deputi ameandikiwa alama za kuua chui. Mama hakujali. Alisema mwacheni, watoto wa watu walimsumbua sana.

Basi ikaja modi ya milima. Deputi aliamua kijiji chetu kiko tambarare mno, hakifanani na kwetu, akapata modi inayoinua mabonde na miteremko kama ya huku chini ya Mlima Kenya. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, hata mama alilifurahia. Tatizo ni kwamba gemu yenyewe ilikuwa imebadilishwa na watengenezaji wake siku chache kabla, na modi ile iliandikwa kwa ile ya zamani. Maelezo yalisema hivyo. Maelezo yalisema mengi. Jumamosi hiyo, tukiwa tumeketi wote baada ya maombi, akaifungua. Kompyuta ikamwandikia kwamba imekuta vitu na watu isiowatambua, na kumuuliza kama iendelee kwa kuwaondoa, ndiyo au la.

Akabonyeza ndiyo. Baadaye alieleza kwamba hajawahi kuacha swali bila jibu.

Kijiji kikafunguka. Milima ilikuwepo, lazima niseme ilikuwa mizuri sana, ya kijani, na ukungu juu yake. Na hapakuwa na kitu kingine. Hapakuwa na nyumba, wala zizi, wala mgomba, wala mtu. Kwenye kila kompyuta kukatokea mhusika mmoja mtupu, asiye na nguo za maana, na juu yake kisanduku kinachotaka jina. Mama akakisoma.

"Hii inaniuliza mimi ni nani," akasema.

Nyaga alikuwa ameingia pia, tukasikia sauti yake ikiuliza nyumba iko wapi, mama, mbona sioni nyumba. Sote tulimwangalia Deputi. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, pole, lenye herufi nne, neno ambalo huku kwetu unaliambia hata mtu aliyejikwaa barabarani. Deputi alitoa leso, akapangusa mikono, akasimama.

"Mtihani umefutwa," akasema. "Tutarudia wote."

Nilimchukua mama tukaondoka chai ikiwa bado mezani.

Nilijaribu kumwanzishia shamba jipya, nikamwambia mimi na yeye tutajenga polepole. Akakataa. "Nimeanza shamba mara mbili maishani," akasema. "Moja na baba yenu, moja na Nyaga. La tatu sianzi." Nyaga akaingia siku kadhaa, akazunguka ile milima mitupu, akaacha. Zile simu zikarudi. Goti linaendeleaje? Linaendelea. Mama akawa anaketi barazani, akitazama ukuta wa jirani, na kila nikifunga duka nikirudi nampata ameangalia pale pale nilipomwacha. Niliumia mpaka nikaanza kuchelewa kurudi ili nisimwone hivyo.

Na Deputi? Alikuja dukani kununua dawa zake za presha, amesimama wima, kofia kichwani. Nilimhudumia kama mtu wa barabarani. Siku moja akajaribu: "Mama yuko salama?" Nikamwambia aliyefuata asogee. Baadaye akaacha kuja mwenyewe, akawa anamtuma mkewe. Nikafurahi. Nilimsema kwa kila mtu, tena kwa sauti: mzee wa maringo, hajui kitu, angalau angekuwa mjinga mnyenyekevu. Wateja walikuwa wakiingia kwa ajili ya Panadol wanatoka na habari za Deputi.

Ikapita miezi. Kisha wiki fulani mkewe akashikwa na homa, akanipigia simu akiniomba niwaletee dawa za wote wawili, zake na za mzee, kwa kuwa mzee hataki kutoka. Nikaenda asubuhi kabla ya kufungua duka. Nilimkuta mkewe nyuma ya nyumba, amejifunga leso kichwani, anakama ng'ombe huku anakohoa.

"Kwani Deputi yuko wapi?" nikauliza. "Si ng'ombe ni wake?"

"Ingia tu ndani, usipige hodi. Yuko kwa mashamba yenu, ananyunyiza."

"Mashamba gani?"

"Si ni yale yenu ya kompyuta. Kila asubuhi. Mimi nimechoka na hiyo kitu."

Niliingia. Deputi alikuwa amenipa mgongo, amevaa koti lake la suti juu ya pajama. Kwenye kioo cha kompyuta niliona paa la bluu. Niliona matuta, yale ya pili, yaliyokatwa upya. Niliona migomba ya mama, mirefu, imebeba, na mtu mwenye sweta ya kijani anapita katikati yake na kopo la maji, mgomba mmoja baada ya mwingine. Mlangoni mwa nyumba wahusika wawili walikuwa wamelala. Mmoja alikuwa mama yangu. Mwingine alikuwa Nyaga.

"Weka dawa hapo mezani," akasema bila kugeuka. Alidhani ni mkewe.

"Deputi, hiyo ni nini?"

Kopo la maji likasimama. Hakugeuka haraka. Aligeuka kwa hatua, kwanza kichwa, halafu kiti.

"Ni marudio," akasema.

"Ulikuwa na nakala."

"Ofisi ya mitihani huwa na nakala moja. Ya ofisi. Hiyo si kunakili."

"Tangu lini?"

Akapangusa miwani. "Kila Jumamosi. Mkishaenda."

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo dukani wala kwenye ndoa yangu iliyovunjika. Nilimwambia kwamba mama yangu anaketi barazani anatazama ukuta kutwa nzima, alijua? Akasema amesikia. Nilimuuliza, na kaka yangu ana watu wangapi wa kuongea nao huko jangwani, alijua? Akasema alikisia. Nikamuuliza, sasa kama ulijua yote hayo, na hiki kitu unacho hapa, kwa nini ulinyamaza?

"Ningesema nini?" akajibu. "Kithinji nilimsimamisha kwa hii hii."

"Ungesema samahani!"

"Mbele ya Kithinji?"

Nikamwambia ni mwoga. Nilimwambia taratibu, kwa Kiembu, ili limfikie vizuri. Nikamwambia amekuwa mwoga tangu tukiwa kidato cha kwanza, kwamba fimbo ile yote ilikuwa uoga, na sisi tulikuwa wadogo mno kuitambua. Alishika ukingo wa meza, macho yakajaa machozi, na badala ya kunihurumisha jambo hilo lilinikera zaidi. Mtu mzima, badala ya kutamka neno moja, ameamka kila asubuhi akanyunyizia maji mashamba ya watu saba ili yasikauke kwa kiangazi alichokileta yeye mwenyewe. Hata mbuzi wa karani alikuwa amewalisha. Kazi yote hiyo ni ili tu neno lisitoke.

"Nipe niende nayo sasa hivi," nikasema.

"Haiwezi kutoka kwangu."

"Deputi."

"Nasema haiwezi kutoka kwangu." Akavuta pumzi, na nikaona ule uso wa zamani ukirudi mahali pake. "Lakini mtu akipatikana nayo mlangoni, siku ya Jumamosi, nitalazimika kumnyang'anya. Kitu kilichonyang'anywa ni mali ya ofisi. Ofisi inaweza kukifungua, kama ushahidi."

Akainua mto wa kochi, akatoa flashi ndogo nyeusi, akaichomeka, akakinakili humo kijiji kama kilivyo asubuhi hiyo, akaiweka mezani kando ya dawa za presha, kisha akatazama dirishani kana kwamba yuko peke yake chumbani.

Nilimwelewa. Alitaka mimi niwe mwizi ili yeye abaki Deputi. Nilicheka, lakini si kicheko cha furaha. Nilifikiria kumtangaza, kumwita Kithinji na karani na wote waje waone kioo hicho sasa hivi. Ningefurahi sana. Pia nilimjua: angezima ile kompyuta, angekana, na angefuta kila kitu kabla ya kukubali kuonekana. Nikamfikiria mama barazani. Nikaichukua.

"Na Kithinji arudi," nikasema. "Bila mzazi."

"Arudi."

"Niifiche wapi? Mfukoni?"

Akafikiri kwa makini kweli, huyu mzee. "Soksi," akasema. "Mfukoni ni rahisi sana, hawataamini."

Jumamosi wote walikuja, kwa sababu niliwapigia simu nikawaambia Deputi ana tangazo. Nyaga naye nilimwambia aingie akitoka zamu. Mama alikataa mpaka mwisho, kisha akaja akilalamika, akiegemea bega langu. Mlangoni nikapindua mifuko. Deputi akasema vizuri, akataka kunipitisha, kisha akasita, akainama, na akaichomoa ile flashi kutoka kwenye soksi yangu kwa ustadi ambao, Mungu anisamehe, niliustaajabia.

"Aha!" akasema. Sauti ilifika mpaka kwa ng'ombe.

Akanisimamisha ukutani, mbele ya watu wote. Akainua flashi juu. Akasema ameshangaa, amehuzunika, hakutarajia kutoka kwa mtu wa familia nzuri kama ile, mwenye duka, anayekabidhiwa dawa za watu. Akasema kunakili kunaanza na kitu kidogo. Kithinji alikuwa amefungua mdomo, ananitazama kwa heshima ambayo sikustahili hata kidogo. Niliuma midomo. Deputi akatangaza kwamba ofisi itakagua ushahidi, akachomeka flashi, akabonyeza hapa na pale, na mwishoni akatuagiza sote tuingie ili tutambue mali zetu. Kisha akarudi kwangu, kidole hewani, na hotuba ikaendelea.

Sikumsikia tena. Nilikuwa namwangalia mama. Mhusika wake aliamka mlangoni mwa nyumba ya bluu. Mama akasogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. Akamtembeza polepole mpaka kwenye migomba, akapita mstari wa kwanza, akapita wa pili.

"Hapa kuna maji," akasema. "Nani amekuwa akinyunyiza?"

Deputi alipandisha sauti. Akafika kwenye maadili, akafika kwenye taifa. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia. Mama akauliza tena, akitazama huku na huku, nani ametutunzia hizi ndizi, na Deputi, ambaye jibu alikuwa nalo na hajawahi kuacha swali bila jibu, aliniambia mimi kwa kelele kwamba vijana wa siku hizi wameoza.

Hapo kompyuta ikatoa ule mlio mdogo wa mtu kuingia. Mama akainua mkono, kiganja kikiwa wazi, kumwelekea Deputi.

"Mwalimu, nyamaza kidogo. Mtoto amefika."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Alinyamaza. Kidole kilibaki hewani, kisha kikashuka, na yeye mwenyewe akashuka kwenye kiti kilichokuwa karibu, kando ya mama, akitazama kioo pamoja naye. Kwenye kioo yule mhusika mwingine, aliyekuwa amelala mlangoni, alikuwa amesimama.

"Mama?" sauti ya Nyaga ikasema. "Mama, uko?"

"Niko," mama akasema. "Kwani ningeenda wapi? Kuja na panga, hizi ndizi zimeiva."